Mfereji wangu na jiko la mtani

Jumanne, Mkata. Mvua ya tangu jana imekatika, jua limetoka linachekacheka kama halikuwa na habari. Magoti yanauma. Moyo nao unauma, ila huo hauna dawa ya kuchua.

Nimechoka, shajara yangu. Nakuandikia kwenye simu kwa kidole kimoja, usinihimize.

Maji yameangusha ukuta wa jiko la Mama Nyamizi. Huyu ni jirani yangu wa bondeni, Mnyamwezi, babu yake alikuja huku kukata mkonge. Mimi ni Mzigua. Kwa hiyo ni watani, na miaka yote hii hatujawahi kusalimiana bila kutukanana. Mke wangu alipofariki, yeye ndiye aliyevaa suruali yangu akazunguka msibani akichechemea kama mimi, mpaka nikacheka huku makamasi yananitoka.

Asubuhi nikaenda kumpa pole, kwa desturi yetu.

"Mnyamwezi, umekataa kuoga mpaka maji yamekufuata jikoni?"

Akaendelea kuokota mafiga kwenye matope. Kisha akasema taratibu, "Karibu, mzee."

Mzee! Mtani wako akikuita mzee, ujue umeshakufa ila hujaambiwa.

Sikurudi nyumbani. Nikashika fimbo nikafuata alama za maji kupanda juu, nijue wa kulaumiwa ni nani. Kusema kweli nilikuwa naye tayari: mfugaji wa kule juu na ng'ombe wake.

Mkata ukiitazama unaona tambarare. Siku zote nawacheka watu wa Mombo, walio chini ya milima, kwamba wanaletewa maji ya wenzao kama vifurushi vya basi. Mimi nilidhani maji ya shambani kwangu ni yale yanayonyesha shambani kwangu, basi. Kumbe kule juu ardhi ina mgongo, mdogo tu, hata mwenye baiskeli hashuki. Nikasimama juu yake nikajisaidia haja ndogo. Kwa utafiti. Nusu ikaelekea ng'ambo, nusu ikashika njia ya kwangu.

Nikashuka nayo. Maji ya upande wote ule, pamoja na ya mabati ya kila nyumba, yanakutana kwenye njia ya ng'ombe ambayo kwato zimeichimba ikawa mtaro. Shuleni, kabla sijatoroka darasa la nne, mwalimu alichora mto na vijito vyake ubaoni, mimi nikaona mti ulioanguka. Leo nimemwelewa, meno yameshaniisha.

Zamani maji hayo yalikatiza shamba langu yakaingia korongoni. Mwaka jana nilichoka kupoteza mahindi, nikachimba mfereji mpakani, yakageuka. Nikajisifu kijiwe kizima. Sikujiuliza yamegeukia wapi.

Yamegeukia jikoni kwa mtani wangu.

Ng'ombe wa watu nimewasingizia bure. Njia wamechimba wao, lakini kona nimeikata mimi. Sasa nikifa, nani atavaa suruali yangu?

Jioni nimechukua jembe, nikaanza kufukia. Mistari sita ya mahindi, ndiyo kwanza yanabeba, itakwenda na maji. Nimefika robo tu, kiuno kikagoma. Kuinua kichwa, Mama Nyamizi amesimama upande wa pili, mikono kiunoni.

Nikamwambia, "Maji nilikuletea mimi."

"Najua. Nilikuwa nangoja ujue na wewe." Akautazama udongo wangu. "Mzigua, hata kufukia hujui. Unafukia kama paka."

Akaondoka. Hakucheka hata kidogo.

Lakini ameniita Mzigua.

Wingu limeshika tena kule mgongoni. Nikiamka na kiuno changu, kesho namalizia. Nisipoamka, basi atakayechechemea msibani kwangu asisahau kubeba jembe.