Kuku wa Mpira Kwenye Kimya cha Casimir

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla sijafanya jambo nisiloweza kulirudisha, maana nimefika mahali ambapo nikimwona kuku wa mpira nataka kulia, na hilo siwezi kumwambia mtu hapa mjini bila kuchekwa.

Mume wangu Casimir alifariki wakati wa theluji. Miaka yote ya ndoa yetu alipiga katika kikosi chetu cha ngoma na tarumbeta, kinachoshindana na vingine viwanjani, na chombo chake kilikuwa dramu ya breki ya lori, chuma kizito cha duara alichokipata kwa wauza vyuma chakavu baada ya kugonga vingine vyote kwa kifundo cha kidole huku mimi nikimngoja garini na aiskrimu yake ikiyeyuka mkononi mwangu, akakitundika kwenye fremu ya kigari cha mtoto kwa kamba ya aproni yangu, na kila kiangazi, katika ule wimbo wa taratibu, tarumbeta zikishanyamaza na bendera zikishashuka, alikigonga mara moja tu, na uwanja wote ukasikiliza mpaka sauti ikaisha.

Kikosi nimekiazimisha chuma hicho. Anakipiga Marisol, aliyefundishwa na Casimir mwenyewe, na huu ni msimu wake wa mwisho kwa sababu kuanzia mwaka huu kikosi ni cha vijana tu, na mwakani atakuwa amepita umri unaoruhusiwa. Shida ni Trent, mwalimu mpya wa vyombo vya kugongwa vinavyopangwa mbele ya uwanja. Katika shindano la kwanza kigari kilipinduka kwa bahati mbaya, watu wakacheka, na mwamuzi, ambaye kama kawaida husema maoni yake kwenye kinasa sauti ili walimu wayasikilize baadaye, akadhani imepangwa, akasema amefurahi. Trent amesikiliza maneno yale mpaka ameyakariri. Tangu hapo kila safari analeta kitu kipya, mara filimbi ya kuitia bata, mara king'ora cha kuzungusha kwa mkono, na sasa kuku wa mpira anayelia akibanwa, na Jumamosi nilikuwa kwenye uzio na kisu cha mkate mkononi, kwa kuwa mimi ndiye ninayewapikia vijana safarini, tarumbeta zikanyamaza, Marisol akagonga, na kuku akalia juu ya sauti ile ile.

Nikamfuata Trent. Akasema, "Mama Verna, umesikia walivyocheka? Mzee angempenda huyu kuku."

Nikamwambia Marisol nitakibeba chuma changu nirudi nacho nyumbani. Akaacha kula. "Bibi, na mimi fainali nitapiga nini? Nimkung'ute Trent?"

Nilicheka, halafu nikaenda nyuma ya gari la chakula nikalia. Na kinachoniumiza zaidi ni kwamba Trent hakukosea kabisa, Casimir alipenda utani, alipiga vijiko mpaka kwenye ubatizo wa mpwa wake. Je, nikichukue kabla ya fainali?

Verna, Wisconsin

*

Pole, Verna. Nyumba iliyozoea mtu wa kugonga vijiko, ikinyamaza, inanyamaza kweli.

Sasa nisikilize. Usikichukue. Ukikichukua, Trent atatafuta sufuria na kuendelea na maisha yake, na atakayesimama uwanjani mikono mitupu ni yule binti. Yeye hana mwakani. Usimwadhibu aliyekushika mkono kwa sababu humwezi aliyekukera.

Tena acha kupigana na kuku. Siku mumeo alipoingia mazoezini na breki ya lori kwenye kigari cha mtoto, unadhani hakuna aliyeguna? Alikuwa mchekeshaji aliyejua wakati wa kunyamaza. Hapo ndipo Trent amepungukiwa, na kusikiliza kwake kote kwa kinasa sauti hakujamfundisha. Mwamuzi alifurahia ajali, na Trent anataka kuipika kila wiki. Ananichosha hata mimi, na sijawahi kumwona.

Lakini na wewe umenichosha kidogo. Umeniandikia mimi yote haya, na Trent hujamwambia hata nusu. Ulimfuata, akatoa mzaha, ukaondoka. Atajuaje? Kijana huyo anadhani anakuliwaza.

Basi mwendee kabla ya mazoezi, mchana, ukiwa umekula. Marisol awepo, maana pigo ni lake sasa. Usiseme "heshima," atakuahidi kumvalisha kuku tai nyeusi. Mwambie hivi: king'ora, bata, kuku, vyote vilie wimbo wa kwanza hadi wa mwisho, ila tarumbeta zikinyamaza katika ule wa taratibu, asisikike mtu wala kitu mpaka chuma kimalize. Kisha mwambie Marisol agonge, hapo hapo, ninyi watatu tu, na Trent asiguse kitu.

Akicheka bado, mpelekee mkuu wa kikosi neno hilo hilo. Chuma kibaki uwanjani kwa vyovyote vile. Fainali ikiisha, Marisol akusaidie kukipakia garini, na usimwache aondoke kabla hajakula.