Moto Uliokwisha Kuwaka

Mama Yohana wangu,

Pokea salamu za mumeo, dereva wa kombaini kubwa kuliko zote huku kwenye ngano. Ng'ombe hawajambo? Goti lako bado linakutabiria mvua? Mimi mzima. Basi, kabla huyu wa lori aliyekuletea barua hajanichoma, nakiri: kombaini nimeipanda mara moja tu, tena ikiwa imezimwa. Kazi yangu ni kushona magunia. Vijana wananiita Babu Sindano.

Huku ni tambarare, ngano mpaka macho yachoke. Mlima Hanang wewe hapo Endasak unakaa na uso wake, mimi nimepewa mgongo.

Jioni nakwenda kisomo. Cheka tu, mtu aliyetoroka darasa la tatu. Mwalimu wetu, kijana wa Tanga, alitaka tuandike hadithi. Nikaandika: bwana mmoja alimuaga mkewe, mke akakasirika sana. Mwalimu akasema, "Mzee, hasira usinitajie. Nionyeshe mikono yake ilifanya nini, hasira nitaiona mwenyewe."

Haya. Nikamwandikia habari za mwanamke anayeongea na baba mkwe, macho chini. Akauliza, "Huyu ameiba nini?" Tukamcheka darasa zima. "Mwalimu, kwetu hiyo ni heshima. Angemkodolea macho ndiyo ungeuliza."

Ndipo nikakuandika wewe, asubuhi ile niliyoondoka. Ulisema, "Nenda tu, mabati hayajinunui." Kisha ukanipa mgongo, ukainama mekoni ukapuliza moto, ukapuliza, na moto ulikuwa umeshawaka. Nilisimama mlangoni na kifurushi changu. Hukugeuka.

Niliposoma hayo, mwalimu akauliza, "Alikuwa na hasira, au alikuwa analia?" Nikajibu, "Moshi tu." Wakacheka. Mimi sikucheka.

Maana sijui, mama. Msimamizi anauliza nani atabaki baada ya mavuno, na mabati bado hayajatosha. Kama ile ilikuwa hasira, nabaki, nikuletee bati la kukupoza. Kama ulikuwa unalia, nyasi zetu na zivuje. Narudi na lori.

Mpe shikamoo dada yangu mkubwa, ambaye mpaka leo ananiona mtoto. Msalimu mkwe wetu, mke wa Yohana. Mwambie ugali wa huku unapikwa na wanaume, na ukiuonja tu utajua.

Sasa nakudai. Ulipovunja mtungi wa mama yangu, nani alisema ni yeye aliyeuvunja, akasimangwa mpaka jua likazama? Nilipe leo. Usiniandikie, maneno yako nayajua, yatasema nenda tu. Mpikie huyu dereva wa lori chai, na akinitaja usiinamie mekoni. Mgeuzie uso akuone. Nimemwagiza aniambie alichokiona tu, maana yake aniachie mimi.

Ni mimi, mumeo,
Baba Yohana