Osiloskopu ya Kizuka

Madungu, Chake Chake
20 Januari 2024

Mdogo wangu Suhaib,

Assalaam alaykum. Natumai wewe ni mzima, na wenzako wa hapo dukani kwenu Dar es Salaam nao ni wazima. Watu huandika "ama mie ni mzima wa afya, wasiwasi ni juu yako". Mie nakula, nalala, nasali. Zaidi ya hapo sijui nikwambie nini.

Usishangae kupata barua ya karatasi zama hizi. Simu nimeizima tangu matanga. Kila anayepiga ananipa pole, na mie nikishasema "nishapoa" sina neno jengine. Barua hii anakuletea Mbarouk, yule anayesafirisha mizigo ya watu kwa boti ya Mkoani. Majibu mpe yeye yeye.

Nimekaa kizuka katika eda, kama ujuavyo. Nguo nyeupe, hakuna wanja, hakuna udi, mlango wa mbele siuvuki. Bi Tatu, mama mkwe, ananitunza vizuri hapa kwake tulipokuwa tukikaa sote. Wanawake wanaokuja kunitazama wanangoja nilie. Sijalia, Suhaib. Tangu marehemu mume wangu Nassor alipoanguka ukumbini, presha ikamchukua kabla ya gari kufika, sijatoa chozi. Si moyo mgumu. Hakuna kitu tu. Ni kama mkono ulioulalia ukafa ganzi, unauona ni wako na huusikii.

Sasa haja yangu. Unaikumbuka redio tuliyokuwa tukiiunda mie na yeye, kwa kujifurahisha, jioni akisharudi skuli kusomesha? Tuliifikisha mwisho, lakini ukiichomeka inavuma. Mtangazaji yuko chini, mvumo uko juu yake. Nassor alikuwa akisema bila ya osiloskopu sisi ni vipofu, tunapapasa. Mita inakwambia umeme upo, haikwambii una sura gani. Osiloskopu inakuchorea sura yake kwenye kioo. Miaka alikuwa akichagua ya kununua. Kila akikaribia anasoma habari za nyengine, anarudi nyuma. Hakununua yoyote.

Eda ikiisha mashemeji watakuja kugawa mirathi, na Ame, mkubwa wao, keshasema meza ya kazi na vyombo vyake vyote vitauzwa. Nataka redio ile iseme kabla ya hapo. Ikishasema, wachukue. Nichagulie osiloskopu ya bei ya watu kama sie unitumie, ukatoe katika pesa zangu za karafuu ulizoniwekea.

Dadaako,
Shadya


Dar es Salaam
4 Februari 2024

Dada yangu Shadya,

Waalaykum salaam warahmatullah. Huku sote wazima, joto tu linatumaliza. Barua yako imenikuta nimeifungua simu ya mteja matumbo nje. Mwenyewe akarudi akayakuta matumbo bado nje, nikaambiwa maneno.

Nisamehe, lakini nikwambie kwanza ninavyoona. Mama kule Kisiwa Panza keshakutengea chumba, kakipiga na chokaa. Eda ikiisha nakuja kukuchukua. Redio ni kazi ya moto na umeme, na mtu aliyechoka mkono wake haumtii. Huwezi kumwachia mtu mwengine?

Ila nakujua. Uliifungua saa ya baba ukiwa mdogo, ikakushinda kuifunga, ukanambia niseme mimi ndiye niliyeifungua, na nikachapwa. Basi sikiliza. Hapa Kariakoo zinapatikana zile kubwa za zamani, kioo cha mviringo, zilizotolewa vyuoni. Kazi zinafanya, lakini kwa uzito wake Mbarouk atatulaani mpaka watoto wetu. Kuna zinazochomekwa kwenye kompyuta, hazina kioo chao. Mpya za mezani ni nzuri kuliko zote, zina njia mbili, waona mawimbi mawili kwa pamoja. Bei yake ndiyo iliyokuwa ikimkosesha marehemu shemeji usingizi. Halafu zipo za mkononi, ukubwa wa simu nene, za betri. Na ya chini kabisa ni ile inayokuja vipande vipande, ukaiunga mwenyewe.

Mimi ningekuletea hiyo ya vipande. Utajishughulisha nayo, siku zitakwenda. Unasemaje?

Nduguyo mdogo,
Suhaib


Madungu
15 Februari 2024

Suhaib,

Salamu nyingi. Nashukuru kwa majibu. Hapa hali ni ile ile.

Ya kujishughulisha siitaki. Siku zinakwenda zenyewe. Hiyo ya vipande Nassor aliwahi kuiazima kwa Zubeir, mwalimu mwenzake. Kwa wimbi la haraka inakuchorea uongo, na wewe hujui kama ni uongo. Kompyuta sina. Ya kioo cha mviringo mezani haikai, itabidi niishushe redio chini.

Ya mezani mpya nimeifikiria zaidi. Kile kibanio chake cha ardhi kimeungana na ardhi ya nyumba, ule waya wa usalama unaoshuka mchangani. Ukikosea ukakibana pahala penye umeme wa ukutani, kinaripuka mkononi mwako na chombo kimekufa. Yalimtokea mwenzake Nassor. Na umeme wetu waujua, unakuja utakavyo na kuondoka utakavyo. Kwa hivyo nataka ya mkononi, ya betri, isiyoshikana na ukuta. Njia moja yatosha. Redio yangu inavuma, na mvumo ni kitu cha polepole, hautaki chombo cha kasi. Nimeona hapo ndipo Nassor alipokwama. Alikuwa akichagua osiloskopu ya kupimia vitu ambavyo hatukuwa navyo.

Juzi nilitia chumvi kwenye chai nikidhani sukari. Nikainywa mpaka mwisho. Bi Tatu ndiye aliyejua, alipoonja yake. Akaniuliza, "Mwanangu, hukusikia?" Nikamwambia sikusikia. Akaenda jikoni kulia. Mie nikaosha vikombe.

Mwambie mama nashukuru kwa chumba. Sina la kukataa wala la kukubali.

Dadaako,
Shadya


Dar es Salaam
2 Machi 2024

Dada yangu,

Assalaam alaykum. Natumai mko salama, na mfungo unakaribia, Mungu atufikishe.

Umenishinda. Nimechukua ya mkononi, ya betri, njia moja, na nimeijaribu dukani mbele ya muuzaji mpaka akanuna. Mbarouk anayo, imo ndani ya fulana yangu ya zamani isigongwe.

Usikimbilie redio. Anza na probu, huo waya wake wenye ncha. Pembeni ya chombo kuna kijitundu kinachotoa wimbi la majaribio, la pembe nne kama matofali. Gusisha ncha hapo. Pembe zikiwa zimelegea au zimechongoka kupita kiasi, kwenye probu kuna skrubu ndogo, izungushe taratibu mpaka zikae sawa. Ndiyo adabu yake kabla ya kupima chochote. Na umeme wa ukutani usiuguse, Dada, nakuomba. Pima baada ya transfoma, kwenye umeme mdogo.

Ile chumvi imenikosesha raha. Sikumwambia mama.

Nduguyo,
Suhaib


Madungu
17 Machi 2024

Mdogo wangu Suhaib,

Ramadhani karimu. Natumai funga yako nyepesi. Chombo kimefika kizima. Fulana yako nimeifua, ilinuka.

Pembe nilizisawazisha kama ulivyosema. Halafu nikakaa na probu mkononi, haijagusa kitu, kwenye kioo mstari umelala. Nikaishika ile ncha kwa kidole, bila kufikiri, kama mtu anavyoshika ncha ya sindano kuona kama ni kali. Mstari ukainuka, Suhaib. Ukawa wimbi. Linapanda na kushuka, linapanda na kushuka, halichoki. Nikatoa kidole, ukalala. Nikarudisha, ukainuka.

Nimekwambia tangu mwanzo kwamba ndani yangu hakuna kitu. Kumbe kipo. Nilikaa nalitazama mpaka adhana ya magharibi, na nikasahau kufuturu mpaka Bi Tatu alipokuja na tende. Nikamwambia, "Mama, tia kidole hapa." Akasema mambo ya umeme hayawezi. Nikamshika mkono nikakigusisha kidole chake. Na kwake lipo. Linafanana na langu. Akalitazama, akasema, "Basi bado tumo." Sasa kila siku baada ya futari anakuja, ananyoosha kidole tu.

Nambie ni nini hiki. Ni moyo? Au ni mishipa? Nassor angejua. Redio sijaigusa bado, na eda inaelekea ukingoni. Lakini nilifurahi, nataka ujue. Ni mara ya kwanza.

Dadaako,
Shadya


Dar es Salaam
13 Aprili 2024

Dada yangu Shadya,

Eid mubarak, wewe na Bi Tatu. Mungu akubali funga zenu.

Najua nimechelewa. Mbarouk alipita mara mbili nikamwambia sijaandika. Barua yako nimekaa nayo karibu mwezi mzima, na nilitaka kukudanganya. Wallahi nilianza kukuandikia kwamba ni moyo. Kisha nikaona chombo chenyewe umekichagua kwa sababu hukutaka kinachochora uongo.

Si moyo, Dada. Si kitu chako. Ni umeme wa nyumba. Nyaya zilizomo ukutani na darini zinatoa mvumo, na mwili wa mtu unaupokea, kama waya uliotundikwa. Mtu yeyote akishika probu ndani ya nyumba yenye umeme ataliona wimbi hilo hilo. Mimi nimeshika hapa dukani, lipo. Umeme ukikatika, halipo.

Nisamehe. Laiti ningekuwa karibu nikakwambia kwa mdomo. Mama anauliza nije siku gani kukuchukua.

Nduguyo,
Suhaib


Madungu
21 Aprili 2024

Mdogo wangu Suhaib,

Waalaykum salaam, na Eid njema, ijapokuwa imepita. Barua yako imefika. Usijilaumu. Nilikuwa nishajua.

Kabla ya Eid umeme ulikatika Chake nzima, tumekaa mezani mie na Bi Tatu, kidole changu kiko kwenye probu. Taa ikazimika na wimbi likalala pale pale. Kioo kinawaka kwa betri yake, mstari umenyooka, na kidole changu kipo, sikukiondoa. Nikakandamiza. Hakuna. Nikasema moyoni, haya, ndivyo nilivyo, chombo kimesema kweli. Bi Tatu akatia chake. Hakuna. Akatia na cha mkono wa pili. Akaniangalia kwenye kile kimwanga, akasema, "Basi ndiyo tumekufa sote wawili, na nani atatuosha?"

Nikacheka. Sikutaka, kikanitoka. Naye akacheka, mpaka ushungi ukamwanguka. Mwanawe amekufa, mume wangu amekufa, na sisi tumekaa gizani tunacheka kwa ajili ya vidole.

Umeme uliporudi nililitazama wimbi lile kwa jicho jengine. Nikafikiri, kama mie napokea kisichokuwa changu, labda na redio ni hivyo hivyo. Nikaichomeka, nikatia probu kwenye spika. Wimbi lile lile, Suhaib, la kidoleni, umbo lake na mwendo wake. Nikarudi nyuma kidogo kidogo, kutoka spika kwenda ndani. Lipo, lipo, lipo. Nikafika kwenye ule waya unaotoka kwenye kitufe cha sauti. Upande wa huku lipo, upande wa kule halipo.

Nikauinua ule waya. Ni ule wenye ganda la nyuzi za shaba kwa nje, na ganda lile ndilo linalozuia mvumo wa nyumba usiingie, likiunganishwa na ardhi ya redio, bati lake la chini. Halikuunganishwa. Nassor alikwisha kulivua mpira, akazisokota nyuzi vizuri, kama anavyosokota yeye, akazikunja kuelekea pahala pake. Zimebaki hapo, zinangoja risasi ya kuchomelea. Miezi yote ile mie nadhani tumekosea hesabu, nadhani kuna kitu kibovu. Hakuna aliyekosea. Alikuwa hajafika tu.

Hapo nililia. Nililia kwa sauti, mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini, Bi Tatu akamwambia hakuna kitu, mwache.

Kisha nikapasha chuma moto, nikazichomelea zile nyuzi. Ni tone moja la risasi. Nikawasha, nikatazama kwenye kioo, ule mvumo haupo. Mtangazaji alikuwa akisoma matangazo ya vifo. Tulimsikiliza mpaka mwisho, kila jina.

Jana Ame alikuja kuiangalia meza, apate kuitafutia mnunuzi. Akaikuta redio inasema. Akaipunguza sauti, akasema hata hivyo mirathi ni mirathi. Bi Tatu akamjibu, "Kweli. Na mama mtu ana fungu lake katika mali ya mwanawe. Langu nalitaka liwe meza hii, na vyombo vilivyo juu yake. Na meza hii haitoki nyumbani kwangu." Ame akaaga. Alipoondoka, Bi Tatu akanigeukia, akaniuliza, "Na weye je, watoka?"

Nikamwambia sitoki.

Mwambie mama chumba akipangishe, na nitakuja kumtazama nikishatoka eda. Weye njoo siku yoyote, ila usije na gari la kubebea vitu. Zubeir keshaleta amplifaya yake, nayo inavuma.

Sitaki udhani nimepona. Asubuhi bado ni ganzi, na chai siisikii vizuri. Lakini sukari sasa naitia mwenyewe, na naionja kwanza.

Barua hii usiijibu. Simu nimeiwasha. Piga, na ukitaka kunipa pole nipe, nitakujibu.

Dadaako,
Shadya