Mgongo Nimeuumiza Mimi, Lawama Kabeba Pandu

Mpendwa mshauri, Bi Sumaiya, shikamoo. Naomba msaada wako, na naomba unisome mpaka mwisho kabla hujanikasirikia. Mimi ni mwalimu wa michezo, nina miaka thelathini na tisa, na huu ni mwaka wa tano nafundisha vijana wa Chukwani besiboli, mchezo ambao watu wengi hapa bado wanauliza ni kriketi ya wapi, na tunauchezea kwenye kiwanja cha mchanga kwa magongo manne tuliyoachiwa na wageni, na naupenda kuliko kazi yoyote niliyowahi kuifanya.

Mwaka jana nilihudhuria mafunzo ya wiki moja kuhusu namna mwili unavyofanya kazi mtu anapopiga mpira, tukaelezwa kwamba nguvu haitoki mikononi, inaanzia mguuni inapokanyaga ardhi, inapanda nyongani, nyonga zinatangulia kuzunguka, mabega yanafuata nyuma kidogo, kisha mikono, na gongo linakuja mwisho, na kadiri nyonga zinavyoyaacha mabega nyuma ndivyo mpira unavyokwenda mbali. Nikarudi nimewaka. Nikambandika plasta nyeupe nyongani na mabegani mpigaji wangu bora, Ammar, kijana wa miaka ishirini, nikamrekodi kwa simu kwa mwendo wa polepole, nikaona nyonga na mabega yake vinageuka pamoja kama mlango, nikamwambia ayazuie mabega, na haukupita mwezi mipira yake ikawa inavuka ukuta na kutua uani kwa jirani.

Lakini kulikuwa na kitu kwenye ile video nilikiona nikakifumbia macho, mguu wake wa nyuma ulikuwa umeganda chini, haugeuki, na nyonga zake zenyewe ni ngumu, kwa hivyo msokoto wote ulikuwa unaangukia kiunoni, kwenye uti wa mgongo, na mwenyewe aliniambia mara mbili, "Mwalimu, kiuno chaniuma huku chini," nikamjibu avumilie, misuli inajifunza, kwa sababu zilikuwa zimebaki wiki mbili tucheze na timu ya Bara na nilitaka watuone.

Jioni moja tulikwenda Forodhani kula mishkaki, na Pandu, ambaye Ammar alimpokonya nafasi ya kupiga wa nne, ile anayopewa mwenye nguvu kuliko wote, akasema mbele ya wote, "Kiuno cha Ammar kinavozunguka, mie hata nikizaliwa tena sikipati." Hakusema mashaallah. Kesho yake mazoezini Ammar akapiga mpira mmoja, akaanguka, tukambeba mpaka kwao.

Mama yake, Bi Shariffa, aliposimuliwa maneno ya Pandu alisema hili ni jicho, na unajua sisi tunavyofanya, aliyemtia mwenzake jicho hutakiwa atawadhe na maji yake amwagiwe mgonjwa, basi Pandu akaitwa nyumbani pale mbele ya wachezaji na majirani, akaosha uso na mikono na miguu, maji yakakingwa kwenye beseni, na beseni, Bi Sumaiya, nililishika mimi. Pandu alikuwa analia. Akasema, "Kama mie ndo nlomuumiza, Mungu anisamehe, sikujua." Nikalibeba beseni nikampelekea Ammar ndani.

Sasa ni wiki ya tatu. Hakuna anayemwachia Pandu ashike gongo, wenzake wakimwona anakuja wanasoma dua kimoyomoyo. Ammar hajapelekwa hospitali, anakandwa kila jioni, na juzi nimesikia anaona nafuu na wiki ijayo anataka kurudi kupiga. Video ninayo bado, sijaifuta wala sijamwonyesha mtu. Bi Shariffa ananiita kaka yake, kila Ijumaa ananiletea sahani ya pilau, na nikila inanikaba. Nikisema ukweli wazazi watawatoa vijana wao na mchezo utakufa Chukwani. Je, haitoshi nikimshauri Ammar apumzike, na la Pandu likaachwa lipoe lenyewe?

Mwalimu, Chukwani.

*

Marahaba, Mwalimu.

Haitoshi. Nakuhurumia, maana mtu asiye na haya asingekabwa na pilau, lakini huruma yangu inaishia hapo.

Sikwambii jicho halipo, dini yetu imelitaja. Ila jicho halimbandiki mtu plasta, wala halimwambii anayeumwa avumilie. Hayo umeyafanya wewe. Na elimu uliyosomea haina kosa, usije ukaitupa kwa hasira. Ulichukua ile nusu ya kupeleka mpira kwa jirani, ukaiacha nusu inayosema mguu wa nyuma ugeuke, nyonga zilegezwe kwanza, na kiuno kisifanye kazi isiyokuwa yake. Video yako ilikwambia. Kijana mwenyewe, mwenye mgongo wake, alikwambia mara mbili. Ulitaka nani mwengine aje akwambie?

Umeniandikia kwa kirefu habari za nyonga, na timu, na nini kitaupata mchezo. Pandu hukuuliza hata mara moja analalaje. Kijana wa watu anaamini kwamba ulimi wake umemlemaza mwenzake. Wewe ndiye uliyeweza kumtoa kwenye imani hiyo kwa neno moja, na ulikuwa umesimama hatua moja kutoka kwake. Tena wasema lipoe. Hapa kwetu mtu akishaitwa mwenye jicho, watoto wa wenziwe watafichwa asiwaone. Halipoi hilo.

Basi fanya hivi. Kwanza Ammar: asikandwe tena, asishike gongo, aende hospitali apigwe picha ya uti wa mgongo, na wewe uende naye ukamwonyeshe daktari ile video. Bi Shariffa akitaka kumfanyia kisomo mwanawe, amfanyie, dua haigombani na daktari. Kisha kaa na Bi Shariffa na mwanawe, uwaambie wote wawili, bila kuzungusha maneno, na ukitolewa nje, toka. Mwisho nenda kwa Pandu, lakini usiende peke yako. Alifedheheshwa mbele ya watu, na wale wale waliokuwapo ndio wasikie ukimwomba radhi. Usimwombe abaki kwa faida ya timu. Akikataa kukusamehe, hiyo ni haki yake.

Wazazi wakiwatoa vijana, watawatoa. Mimi nikiwa mzazi ningemtoa wangu kwa mwalimu anayeficha, wala si kwa mwalimu aliyekosea akasema.

Barua yako nimeipata Jumatatu. Nimekupigia simu mara tatu kwa namba uliyoiandika chini, hukupokea. Mgongo wa Ammar hauwezi kukungoja uwe tayari, kwa hivyo nimeamua kuichapa. Majina yote nimeyabadilisha, na Chukwani si Chukwani. Lakini besiboli sikuweza kuibadilisha, na timu zake hapa Unguja zinahesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Kabla ya adhuhuri mtu atakuwa ameshamsomea Bi Shariffa gazeti hili. Ukifika kabla yake, umeungama. Ukichelewa, umekamatwa tu.