Onja Wewe Kwanza

Mjukuu wangu Neema,

Huku Mbulumbulu maharage yametoa maua. Babu yako anakusalimu kutoka kitandani. Umeuliza kama anywe dawa ya maumivu.

Mwaka ule simu za mkononi zilipoanza kushika Karatu, muuguzi alimletea mama yangu, aliyekuwa mgonjwa sana, chupa ya dawa hiyo. Nilihisi watu wa hospitali wanataka kummaliza. Kwetu mwenye pombe huonja kwanza, mgeni ajue haina sumu, nikamwambia, “Onja wewe.”

“Mimi siumwi,” akajibu.

Nikaificha chupa ghalani. Siku tatu zilizofuata sizisimulii. Ya nne mama akaniita: “Kwani anayeumwa ni wewe?”

Nikaileta. Jioni aliomba uji. Aliishi mpaka tukavuna.

Muuguzi wa babu yako bado namtazama kwa jicho la pembeni. Lakini chupa aliyoleta haiko ghalani.

Bibi yako