Mgongo wa Baba Yako

Mjukuu wangu Anaeli, umemsusa baba yako kwa sababu ya kazi ya sinema, hata hapa Momela wanapoipiga hukanyagi. Nimekuja mimi na magoti yangu mabovu. Mpishi wa watu wa sinema ndiye ananiandikia barua hii.

Mwigizaji wa Kizungu akiogopa, baba yako huvaa nguo zake na kukimbia badala yake. Jana alifukuzwa na nyati, nikafumba macho. Aliporudi mzima nilimtemea mate ya baraka kifuani, na mpiga picha nikamtemea pia. Mpiga picha, Mzungu yule, akanuna.

"Shukuru, bwana," baba yako akamwambia. "Mama hampi kila mtu baraka hii."

Sinema itaonyesha mgongo wake tu. Unanitosha, niliuogesha mimi. Namshukuru Mungu mpaka sasa.

Nakupenda, mkaidi wewe. Ukija, usimwulize ataacha lini. Mwinamishie kichwa akubariki.

Bibi yako