Mtaa wa Kumrudisha Mumbi

Kondele, Kisumu
6 Machi 1966

Hapana Mama, sio baa. Huyo aliyekuambia Mumbi alikuwa analala ndani ya baa hajui Kondele. Baa iko upande ule wa ukuta, sisi tuko upande huu. Na ukuta ni mzima kabisa, isipokuwa pale juu mahali hakuna.

Sasa salamu. Sikamoo Mama. Natumaini huko Karatina umeamka vizuri, na ile goti yako ya kulia imeacha maneno. Mimi ni mzima, tangu Mumbi arudi kwako tu naona nyumba imekuwa kubwa, na ni chumba kimoja.

Mama, mimi na mke wangu hatukugombana. Aliondoka kwa sababu ya gramafoni. Mwenye baa ana santuri moja, na ikifika katikati inakwama kwa neno "kwaheri". Kwaheri, kwaheri, kwaheri, mpaka mtu apige meza. Siku moja Mumbi akaisikia vizuri, akafunga sanduku.

Wewe unajua kazi yangu. Nanunua vitu vya watu wanahama, nauzia watu wanahamia. Hapa Kisumu hakuna mtaa sijaingia, hata kama ni kwa mlango wa jikoni. Niambie unataka binti yako akae mtaa wa namna gani, nitatafuta. Kitu sitaki ni kukaa bila yeye.

Mkwe wako,
Dison Ouma

Karatina
20 Machi 1966

Mwanangu Dishon,

Marahaba. Goti ni zima, mvua ikinyesha ndio rinakumbuka. Mbuzi wamezaa. Mumbi ni mzima, anaimba kwaya kanisani kama zamani, rakini jioni anakaa mrangoni akiangaria barabara, na mimi sipendi mtu wa kuangaria barabara.

Nimefikiria maneno yako. Msichana wangu sikumzaa akae nyuma ya gramafoni. Nataka mtaa wa heshima. Kwanza, uwe na mahari pa kura bira aibu, mtu aingie na kofia yake ya kanisa. Piri, pawe na kuimba na kuigiza, maana shureni Mumbi ndiye arikuwa Mariamu kira Krismasi. Tatu, miti na majani, jicho ripumzike.

Bira hayo matatu, harudi.

Mama mkwe wako,
Wamaitha

Kondele, Kisumu
3 Aprili 1966

Sikamoo Mama. Salimia goti, salimia mbuzi, salimia Mumbi zaidi.

Barua yako nilisoma, nikasomea fundi wa baiskeli, nikasomea mwenye baa. Sisi wote tumesangaa. Mama, mahari nilileta. Hao mbuzi wamezaa ndio mahari yenyewe. Sasa hii mahari ya kura ni gani? Mwenye baa anasema Mumbi anataka kusimama ubunge. Fundi anasema hapana, ni mbuzi ndio watapigiwa kura, wale wabaya warudi kwangu.

Mimi sikukubaliana na yeyote, lakini neno la mama mkwe ni amri. Nimezunguka mtaa kwa mtaa nikiuliza watu, "Hapa kura inapigiwa wapi, na mtu anaweza kuingia na kofia?" Huko Milimani mzee mmoja alinifungia geti. Kule sokoni askari akaniuliza, "Wewe ni wa chama gani?" Nikamwambia mimi ni wa Mama Wamaitha. Akaandika hilo jina, kwa hivyo ukisikia kitu usiogope.

Tafadhali nieleze polepole.

Mkwe wako ana sida,
Dison

Karatina
17 Aprili 1966

Dishon,

KULA! Kula kwa mdomo! MAHALI pa KULA! Mumbi ameniandikia maneno haya kwa kipande cha karatasi ili niyanakili, baada ya kucheka mpaka akakaa chini. Kuanzia leo barua zangu atazisoma kabla hazijatoka.

Sisi Wakikuyu L inatukimbia, kila mtu anajua. Umeoa kwetu, utakosaje kujua? Wewe mwenyewe hata jina lako linakushinda, unaandika Dison. Lakini mimi nikiona S yako najua ni SH, siendi kuuliza mwenye baa!

Tafuta mahali pa kula. Mumbi hawezi kula samaki anayemwangalia. Na uniondolee jina langu kwa huyo askari.

Mama mkwe wako,
Wamaitha

Milimani, Kisumu
29 Mei 1966

Sikamoo Mama. Kabla hujaniuliza habari, rudi juu usome tena anwani. Umeona? Milimani! Barabara ni pana, na mbwa wa huku wanabweka kwa adabu, mara mbili halafu basi.

Ilikuwa hivi. Nilikuja kununua piano ya Mama Gordon, mjane wa Kizungu. Piano ikakataa kupita mlangoni, yeye akakataa mlango ukatwe, tukakaa tukanywa chai. Sasa mimi ndiye nachunga ua lake, yale maua yamepandwa kama ukuta, na nimepata nyumba. Ni ya mawe, dirisa ni ya kioo. Mbele yangu tu wamejenga nyumba ingine kubwa sana, inanizuilia upepo. Geti tunatumia moja.

Kula: chini kidogo kuna hoteli ya vitambaa vya meza. Walinunua viti kwangu, kwa hivyo wananijua. Samaki anakatwa kichwa huko jikoni, akija mezani hana macho. Pia kuna kuku, viazi na minji, zile njegere.

Kuimba na kuigiza: karibu hapa kuna jumba la michezo. Niliingia nimebeba meza kichwani, nikaona nusu bila tiketi. Bwana mmoja alikufa vizuri sana, watu wakampigia makofi, akaamka akawasukuru. Na Mama Gordon anapiga piano kila jioni, anatafuta mtu wa kuimba naye.

Majani: ni mengi mpaka kiboko anatoka ziwani kuja kuonja. Amekula ya jirani wa chini, yetu bado hajayafikia.

Majirani ni wazuri. Yule wa karibu ni Masinde, mtu mpole. Kila Jumamosi anatoka na soka yake, anaita vijana wa mtaa, wanakimbizana kwa majani mpaka jua inaingia. Juzi walivunja dirisa ya Mama Gordon, mama akacheka tu. Mumbi akija ataona, hata mimi nitaingia. Masinde anasema nina mguu mzuri.

Sasa mrudise, Mama. Hayo matatu yametimia.

Mkwe wako wa Milimani,
Dison

Karatina
12 Juni 1966

Dishon,

Jirani wa SHOKA?

Anatoka na shoka kila Jumamosi, anakimbiza watoto wa watu, anavunja madirisha, na wewe unamwita mpole? Na huyo mjane anacheka? Maskini, kichwa kimeshazoea. Halafu anaangalia mguu wako na kuusifu! Hujiulizi anauangalia kwa nini?

Nilimsomea Mumbi. Akaanza kusema kitu, nikamwambia anyamaze, ni mapenzi yanamtetemesha.

Binti yangu hatoki hapa. Nakuja mwenyewe nione huo mtaa. Usinijibu, barua yako itanipita njiani.

Wamaitha

Karatina
10 Julai 1966

Mwanangu Dishon,

Hujambo? Nimerudi salama, treni ilikuwa nzuri.

Hiyo shoka yako nimeiona. Ni ya duara na ni ya ngozi. Ilinigonga kofia nikiwa bado getini, nikakaa chini. Masinde alikuja mbio kuomba msamaha, nikamuuliza shoka iko wapi, akaniambia, "Mama, ndiyo hiyo umekalia." Basi. Kumbe ni SOKA, mpira. Mumbi anasema ndilo lile neno nililomkataza kusema.

Lakini wewe mbona ulikimbia? Niliona mtu juu ya ua, mguu mmoja huku, mguu mmoja kule, kisha akapotea na kipande cha suruali kikabaki. Mama Gordon akaniambia, "Ile Dishon. Iko na haraka." Nikamwambia hana haraka, ana adabu. Kwenu na kwetu ni sawa, mkwe hajitupi tu mbele ya mama mkwe. Mtu anayeniheshimu mpaka anararua nguo hawezi kumdharau binti yangu.

Nyumba yako pia nimeiona, iko nyuma ya ile inayokuzuilia upepo. Nilicheka peke yangu. Ni chumba cha mfanyakazi, lakini ni safi, na sufuria zimeoshwa bila mwanamke. Sikusema nyumba kubwa, nilisema mtaa wa heshima. Umenishinda.

Mama Gordon alinipeleka ile hoteli. Kuku nilianza kwa uma, nikamaliza kwa mkono, na yeye akaniiga. Kesho yake nikamwambia maua hayaliwi, tukang'oa upande mmoja tukapanda viazi. Jioni akapiga piano nikamwimbia za kanisani. Watoto wake wako mbali na nyumba ile ni kubwa kwa mtu mmoja. Ameniomba nikae naye, chumba cha mbele. Nimekubali.

Kwa hivyo Mumbi anarudi. Tunakuja wote wawili, tukimaliza kuvuna. Najua umefurahi.

Mama mkwe wako,
Wamaitha

Milimani, Kisumu
24 Julai 1966

Sikamoo Mama. Salamu hiyo ya kwanza ni yako, ingine ni ya Mumbi, na ya tatu ni ya kuomba.

Nimefurahi. Nilifurahi mpaka nikakalia ndoo, na ilikuwa na maji.

Mama, nakuhesimu kabisa, ndio maana nasema. Geti ni moja. Bomba ni moja. Kamba ya nguo ni moja, suruali yangu na gauni lako zitakuwa zinaangaliana kutwa, na sisi wenyewe haturuhusiwi. Kila ukitoka mimi nitaruka. Mwezi ukiisa ua lote litakuwa limelala chini, na mimi ndiye nalipwa kulichunga.

Na hiyo mavuno yenu iko mbali. Mama Gordon jana alisindwa kungoja, akaniita nimwimbie. Niliimba mstari mmoja, akafunika piano.

Mimi ni mtu wa biasara, kwa hivyo sikiliza bei yangu. Mlango wa mbele, piano, viti vya bustani na kivuli chote cha jakaranda ni vyako, kutoka asubuhi mpaka chai ya jioni. Mimi na Mumbi tutachukua kinachobaki. Kwa baiskeli nimefunga kengele, nitaipiga kabla sijafika kona. Ukiisikia, wewe angalia viazi, mimi nitaangalia ziwa, tutapitana vizuri na kila mtu na hesima yake. Siku ya hoteli utakaa meza ya dirisani, mimi nitakula jikoni, wale ni wateja wangu.

Kwa upande wako nataka kitu kimoja tu. Usingoje mavuno. Mumbi atangulie, apande treni wiki hii, mimi nitakuwa steseni.

Fikiria, usifanye haraka. Ukikubali, andika kwamba umekubali, hiyo karatasi mpe Mumbi alete. Na ukikataa, Mama, sitakasirika hata kidogo. Andika kwamba umekataa, na hiyo pia mpe Mumbi alete.

Mkwe wako,
Dison